Boti ya Barafu Yaingia Ziwani Bukoba

Jumatatu, 4 Novemba 2024
Siku kubwa! Shemeji Kokuberwa, dada yake mke wangu Hellen, anataka boti nyepesi ya kwendea visiwani kununua dagaa. Yake ya zamani inasukumwa na wanaume sita. Rwekaza, fundi boti wa mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha, ameshaanza kupima mbao. Ajisumbue! Mimi nimeangalia video ya meli zinazopasua barafu huko Kaskazini. Kuta zake ni ngozi mbili nyembamba, katikati kiini chepesi. Barafu ikigonga, ngozi ya nje inabonyea, kiini kinasagika na kumeza kishindo, ya ndani haina habari. Shemeji kakubali.

Jumatano, 13 Novemba
Plaiwudi ipo. Kiini hakuna. Hellen yuko Muleba msibani. Godoro la wageni lipo. Tatizo limekwisha.
Rwekaza kapita, kabonyeza kwa kidole. Ati kiini kiwe kigumu, kigandishwe kwa gundi pande zote, la sivyo ngozi zitaachana. Wivu mtupu! Gundi inachelewa kukauka. Nimepiga misumari.

Ijumaa, 15 Novemba
Jaribio mbele ya watu. Pande zima la barafu ya samaki, kutoka juu ya ukuta. Boti haikupasuka! Barafu ilidunda, ikanipiga kwenye ugoko. Walipiga makofi. Nililia. Nikasema ni furaha.

Jumamosi, 16 Novemba
Tuliingia ziwani, mimi na shemeji. Maji yalipitia matundu ya misumari. Godoro likanywa ziwa. Mita mia tu kutoka ufukweni, ngozi ya nje ikafunguka kama daftari. Shemeji hajui kuogelea. Alinishika shingo, nikaogopa kweli. Rwekaza akaja na boti yake nzito, akamvuta yeye kwanza.
Ufukweni, akitetemeka ndani ya kitenge cha kuazima, shemeji akaniuliza: "Byabato, waitu, jamani, hapa barafu iko wapi?"
Watu wakacheka wote. Kazi kapewa Rwekaza.

Jumapili, 24 Novemba
Rubya, kijijini kwa mama mkwe. Nimetafakari kwa unyenyekevu. Kosa nimeliona: ziwa. Chombo cha barafu kilipewa maji! Na hapa Rubya mvua ya mawe imetoboa bati za mama mkwe. Barafu halisi, tena inaletwa mpaka mlangoni! Nitaweka bati, majani makavu ya migomba, bati. Misumari ninayo. Mama mkwe yuko kanisani, hajui lolote. Upande wa chumba chake nimeshauezua. Mawingu meusi yanakuja. Safi sana.