Chombo Kisichowezekana

Serikali ilitangaza kwa fahari kwamba nchi ilikuwa tulivu kabisa, na kwa sababu hiyo ikaunda Kamati ya Dharura ya Mambo Yanayowezekana. Ilikuwa Januari 2008. Uchaguzi ulikuwa umekwisha, matokeo ndiyo yaliyokataa kwisha. Moshi ulipanda Kibera mchana kutwa, na kamati ikatambua bila shida kwamba chanzo chake ni filamu.

Bwana Simeon Kagiri, katibu wa kamati upande wa Kawangware, hakuwa mtu wa kufanya kazi kwa mzaha, ndiyo maana alikabidhiwa kipaza sauti. Alikuwa amekwisha kukipiga kufuli kibanda cha video cha Kasiva, pale kituo cha matatu cha 46. Sasa alirudi kuchunguza alichokuwa amekifungia.

Kasiva alikuwa mama Mkamba wa Machakos aliyefasiri filamu za kigeni kwa maikrofoni huku zikiendelea. Alitaka kibanda kifunguliwe, na si kwa ajili ya tumbo lake tu. Siku hizo palikuwa mahali pekee ambapo Wesonga seremala na Gathoni muuza mboga za sukuma walikalia benchi moja. Nje hawakuwa wakisalimiana tangu kura zihesabiwe, kwani kila mmoja alikuwa na mgombea wake, na jambo hilo lilimuuma Kasiva sana.

Simeon aliwaita hao wawili ndani kuwa mashahidi, akaamuru filamu iwekwe. Chombo cha adui kutoka nyota za mbali kikatanda juu ya mji.

"Cheki hiyo chombo, watu wangu," Kasiva akafasiri. "Ukiitupia mawe, yanarudi. Ukiiuliza swali, inanyamaza. Inamaliza mtaa mzima na haishuki kusema pole."

"Simamisha hapo," Simeon akasema. "Wanaokiendesha ni nani?"

"Hawaonekanangi, mkubwa."

"Nani aliwachagua?"

"Walijiapisha."

Wesonga alikohoa. Simeon akafuta miwani yake, kwani hapa ndipo utaalamu ulipohitajika. "Nguvu isiyo na kikomo, na hakuna wa kuulizwa. Kitu kama hicho hakiwezekani. Watunzi wanatudanganya."

Gathoni alimtazama Wesonga, Wesonga akamtazama Gathoni, wakaangua kicheko pamoja. Simeon alifurahi kuona uchambuzi wake umeeleweka.

"Sasa kama haiwezekani, si ufungue hii base yetu tu?" Kasiva akauliza. "Na uwaambie watu huko nje, wasiogope bure."

Simeon aliona hoja hiyo ina mashiko. Akampa Kasiva ufunguo wa kufuli, akatoka, akapanda juu ya jiwe na kuinua kipaza sauti.

"Kamati imethibitisha! Hakuna chombo kisichoshindika! Chombo kinachokalia watu na hakiulizwi, hakiwezekani! Wananchi, msikiogope!"

Alisahau kusema *cha angani*. Ndani ya kibanda hapakuwa na haja. Lakini mwezi ule, nje, redio ilikuwa ikitaja chombo cha aina moja tu: vyombo vya dola viko macho, vyombo vya dola vimejipanga. Watu wakadhani ndicho anachokisema. Kisha barabara nzima ikalipuka kwa vifijo, na akina mama wakatoka wakipiga sufuria.

Vyombo vya dola, kweli, vilikuwa macho. Lori kubwa lenye nyavu madirishani likaingia. Mawe yaliligonga, yakarudi.

"Mimi ni katibu!" Simeon akapaza sauti. "Mnaongozwa na nani?"

Lori halikujibu wala hakuna aliyeshuka. Mkebe wa gesi ya machozi ukatua miguuni pake.

Akaingia kibandani mbio, machozi yakimtiririka, akajibana kwenye benchi kati ya Wesonga na Gathoni. Gathoni akamsogezea kitambaa chenye maji. Wesonga akasukuma mlango na kuuzuia kwa meza.

"Kasiva," Simeon akasema alipoweza kupumua, "hicho chombo... mwishoni kinashindwa?"

"Hata sijui, mkubwa. Mlifunga kabla tufike mwisho."

Nje, kitu kizito kikapita kikitikisa mabati.

"Basi weka, mama," akasema katibu. "Weka haraka."