Kipanya cha Mbao Mbele ya Kamati

Jumatatu, 6 Oktoba
Maktaba ya mtaa, hapa Shella, inataka mwalimu wa kompyuta. Mmoja tu. Tuko wawili: mimi, na Swafwan mwenye stashahada. Jumamosi kila mtu atatoa somo mbele ya kamati. Shangazi Raiya, anayenilisha tangu nimalize shule, amekata shauri: nikikosa kazi hii, nakwenda Adu kufukuza nyani shambani. Nauli keshaifunga kwenye pindo la leso. Siendi Adu. Swafwan atafundisha kuandika barua. Maskini. Mimi nitafundisha asili ya kipanya cha kompyuta.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimesoma tangu alfajiri. Kumbe kipanya cha kwanza, huko Marekani mwaka 1964, kilikuwa kipande cha mbao! Magurudumu mawili ya chuma chini, kitufe kimoja juu, waya nyuma. Basi. Nitachonga mfano wake. Joram seremala anasema mbao kavu hana mpaka wiki ijayo. Nikatafuta nyumbani. Jikoni ipo mbuzi ya Shangazi ya kukunia nazi, mvule mtupu, imekauka miaka thelathini. Kile kibao ni kipana kuliko anayekikalia. Nikikata kidogo kwa nyuma, nani atajua?

Alhamisi, 9 Oktoba
Imejulikana. Shangazi amekaa kukuna nazi, akaenda chali, nazi iliyokunwa mpaka kwenye nyusi. Analaumu mchwa. Nami nimewalaumu sana mchwa, hata dawa yao nimeitafuta.
Kipanya tayari, kizuri ajabu. Ila chini palikuwa na maandishi ya kuchomwa kwa msumari wa moto: MALI YA RAIYA, RUDISHA. Vyombo vyetu huazimwa kila harusi, na asiyeandika jina harudishiwi. Nimepaka rangi ya viatu, mara tatu. Hakisomeki kitu.

Jumamosi, 11 Oktoba
Swafwan ametangulia. Barua yake imepigiwa makofi, barua ya kuomba ruhusa! Roho ikaniuma. Wallahi nilinuia kusema huu ni mfano tu, lakini makofi yale yalinipandisha mori. Nikatangaza kwamba hiki ndicho chenyewe, cha 1964, kimenifikia kwa mkono wa baharia mmoja.
Mzee Yasin, mwenyekiti, akakipokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Akakigeuza, akakipapasa. Joto lile, jasho lile. Viganja vikatoka vyeusi. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti, herufi moja moja.
Nikaeleza upesi kwamba Raiya ni jina la maabara kule Marekani. Nilisimama imara. Lakini kina mama wa kamati hawakutaka maelezo, wote wameshaikalia mbuzi ile. Bi Tasneem akasema harusini kwa bintiye aliikalia siku tatu, na mgongo unamuuma hadi leo.
Shangazi alikuwa mlangoni na sinia la mahamri. Akalitua sinia, akafungua pindo la leso, akanitia nauli mkononi mbele ya watu wote. Natamani angenitukana.

Jumatatu, 13 Oktoba. Adu
Nyani wengi mno. Wananitazama, hawakimbii. Swafwan ameanza kazi leo.
Nimelia kidogo, kisha nimefikiri. Kosa langu nimelijua: mbao yenye jina. Nasikia Magarini nako wanataka mwalimu wa kompyuta. Na nimesoma jambo kubwa zaidi: kabla ya kipanya, watu wa Kanada walielekeza alama kwenye kioo kwa kuviringisha mpira mzima, wa kuchezea. Kwa hiyo nahitaji kitu cha mviringo, cha kale.
Mzee Randu, msimamizi wa shamba, amenipokea vizuri, amenipa chumba na uji. Juu ya mlango wake kimetundikwa kibuyu kikongwe, mviringo kamili, kimefungwa shanga. Hakinywewi maji, hakitiwi kitu. Kila asubuhi Mzee Randu husimama chini yake na kukisalimia kwa jina la marehemu babu yake, kisha huenda zake shamba.
Nimekikagua pande zote. Hakijaandikwa jina la mtu. Kesho akitoka tu, nakikata.