Betri kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Jirani ameibiwa kigari chake. Kimetoka bandani mchana kweupe, ufunguo ukiwa ndani. Leo asubuhi amesimama uani kwetu akisimulia, mikono kichwani, na mke wangu akampa pole na kiti. Mimi sikumpa hata kimoja. Mtu anayeacha ufunguo kwenye kigari amekwisha kumkaribisha mwizi, kilichobaki ni kumwekea chai.

Nikaenda kumwangalia Nyumbu. Nyumbu ndilo jina la kigari chetu, pacha wa kile cha jirani: magurudumu manne manene, hana milango, hana vioo, nyuma ana bodi ya kubebea mizigo, na anapanda mlima ambao lori huutazama tu na kugeuza.

Ufunguo ulikuwa ndani. Unaning'inia kama embe bivu.

Ni kazi ya shemeji, kaka wa mke wangu, ninayeendesha naye kitalu cha miche. Nimemgombeza mbele ya watu. Akanijibu, bila kuinuka alipokaa, kwamba shemeji, hapa hakuna mwizi, sote tunajuana. Nikamuuliza kama kigari cha jirani kimeota mabawa. Akasema labda kimekwenda kutembea, kitarudi. Mtu huyu alizaliwa amekaa.

Na wiki yenyewe ni hii! Jumamosi tunapeleka miche ya parachichi kwa ushirika wa wakulima, juu kabisa mlimani. Bila Nyumbu miche haifiki. Katibu wa ushirika amenena waziwazi: isipofika Jumamosi, kazi ya msimu mzima inakwenda kwa jirani, ambaye naye ana kitalu. Miche yake imekonda kama njiti, lakini ulimi wake umenawiri.

Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Mimi zangu nitaziloweka.

Jumanne, 5 Machi

Nimenunua mnyororo mnene na makufuli mawili. Nimemfunga Nyumbu kwa nyuma kwenye nguzo ya kati ya kivuli cha wavu kinachofunika miche, nguzo niliyoichimbia kwa mikono yangu. Nikaenda mjini kununua mifuko ya kuoteshea. Sikumwambia mtu. Siri ya ulinzi haitangazwi.

Niliporudi hapakuwa na kivuli.

Shemeji alikuwa na ufunguo wa akiba, ambao sikujua kama upo. Alitaka kwenda kuchukua samadi. Hakutazama nyuma, kwa kuwa hajawahi kutazama nyuma tangu nimjue. Nguzo ikamfuata. Wavu ukaifuata nguzo. Nimemkuta chini ya wavu, amenaswa kama dagaa, anasubiri mtu amtoe.

Anasema alimhisi Nyumbu mzito akadhani leo hana raha, akaongeza mafuta.

Mke wangu ameniuliza kwa nini sikumwambia kaka yake. Nimemweleza kwamba kufuli linalotangazwa si kufuli. Akasema kufuli lisilotangazwa ni mtego, na limemnasa ndugu yake. Yaani wamekuwa wawili. Damu nzito kuliko maji, na nzito kuliko akili pia.

Nimeuchukua ufunguo wa akiba. Nimeutupa chooni.

Jumatano, 6 Machi

Nimeamka na jibu. Mnyororo ni ushamba. Mwizi haogopi mnyororo, mwizi anaogopa kusukuma.

Kwa hiyo nimemfungua Nyumbu kwa utaratibu na kumgawa. Ufunguo ninao mimi, shingoni, kwa kamba. Plagi nimempa mke wangu, ameitia kwenye kopo lake la vifungo. Usukani nimeupeleka kwa dada yangu, fundi cherehani, dukani kwake. Betri nimeipeleka kwa mama mkwe. Hakuna mtu hata mmoja katika ukoo huu anayeweza kuondoka na Nyumbu peke yake. Mwizi itabidi aitishe kikao cha familia.

Shemeji hakupewa kitu. Aliuliza fungu lake liko wapi. Nimemwambia fungu lake ni kukaa mbali. Amesema nimegawa mirathi ya Nyumbu na hajafa bado. Amenuna, na mke wangu amenuna kwa niaba yake.

Mama mkwe aliipokea betri kwa mikono miwili. Aliniita mwanangu. Aliuliza kama inauma.

Nimemalizia kituo cha polisi. Nimemwambia sajini kwamba mtu yeyote atakayeonekana na usukani wa Nyumbu, betri yake au plagi yake ni mwizi, akamatwe bila maswali. Sajini akauliza, hata wewe mwenyewe? Nimemwambia sheria haina ndugu. Ameandika.

Alhamisi, 7 Machi

Hasira zimenijaa mpaka kwenye masikio.

Kigari cha jirani kimerudi. Hakikuibiwa. Mkwewe, aliyemwoa binti yake juzi tu, alikiazima kuhamishia kabati, na alimuaga kabisa. Jirani alikuwa anasinzia akaitikia ndiyo. Siku zote hizo kabati linahamishwa, sisi tunatoa pole!

Nimekwenda kumwambia kwamba amenitia hasara ya nguzo, wavu na mnyororo kwa wizi ambao haukutokea. Akacheka. Amesema pole jirani, nikiibiwa kweli nitakuja kukuomba radhi. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza hali ya mgonjwa, kama ni kweli Nyumbu amelazwa hospitali nne tofauti.

Nani kamwambia? Shemeji. Alikuwa ameketi hapohapo, kwenye kigari cha jirani, anakunywa chai ya jirani. Ufunguo ukiwa ndani.

Ijumaa, 8 Machi

Kesho ni safari. Leo ilikuwa siku ya kumuunganisha Nyumbu. Nilichukua toroli na kuanza na kilicho karibu.

Mke wangu amekataa kunipa plagi mpaka nimwombe kaka yake radhi. Nimemkumbusha kwamba amekabidhiwa plagi, si haki ya wanyonge. Amelitikisa kopo la vifungo, likalia, akaendelea kupepeta mchele. Nimeomba radhi. Nimeiomba haraka na bila kumtazama shemeji, lakini nimeiomba. Amesema shemeji, sijasikia vizuri. Nimerudia!

Dukani kwa dada, usukani haukuonekana. Ulikuwa juu, unaning'inia darini kwa kamba, magauni ya wateja yamening'inia pande zote na yanazunguka mtu akiyasukuma. Dada anasema tangu aupate wateja wameongezeka, wanapenda kuzungusha. Nimemwambia hicho ni chombo cha usalama. Akasema kaka, hata mimi hilo gauni la bi harusi nalilinda. Ilinibidi nisimame dukani nimeshika magauni mikononi kama mti wa nguo huku akitafuta pa kuyaweka. Wanafunzi wenzangu wawili wa zamani wamepita. Wamenisalimu kwa heshima iliyozidi kiasi.

Kwa mama mkwe ndiko nilikokwama. Mkwe haingii kwa mkwewe na kudai betri kama mgambo. Nimeamkia. Nimekaa. Nimeulizwa habari za nyumbani, za miche, za mgongo wangu. Nimekunywa chai. Muda wote redio inaimba, na nilipofuata waya wake kwa macho nikaiona betri yangu chini ya meza, imevalishwa kitambaa cha kufuma. Mama mkwe amesema tangu mimi mwanawe nimletee hiki kitu, anasikiliza redio na kuwasha taa, na huniombea dua kila anapoizima. Huizima mara chache. Dua ni chache.

Nimeomba betri. Akaizima redio. Akasema basi mwanangu, kitolewe, mzazi ni wa kupewa na kunyang'anywa. Akanisindikiza hadi mlangoni akijifuta macho kwa ncha ya khanga.

Toroli limejaa. Ndipo nikakumbuka: nimeshika betri, plagi na usukani, na amri ya kumkamata mwenye vitu hivyo nimeitoa mimi. Mtu mwenye utaratibu hafanyi mambo nusunusu. Nikapitia kituoni kuifuta amri.

Toroli nililiacha nje, chini ya dirisha la sajini. Sajini alitaka nieleze tangu mwanzo, kwa sababu maelezo ya Jumatano hakuyaelewa ingawa aliyaandika. Nikaeleza. Nikasaini. Nikatoka.

Hapakuwa na toroli.

Sajini ameniuliza kama nililifunga. Nikamwambia afande, nani aibe toroli, hapa hakuna mwizi, sote tunajuana. Hilo nalo ameliandika. Kisha amesema kuna mtu alipita dirishani akisukuma toroli, akamsalimia vizuri tu. Nikauliza kama aliuona usukani. Aliuona. Alidhani ni mimi. Nikamwambia mimi nilikuwa mbele yake nasaini. Akasema ndiyo maana hata yeye alishangaa kidogo.

Nimekwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Amefunga mpaka Jumatatu. Nimeutikisa mlango wake kwa miguu na maneno.

Jumamosi, 9 Machi

Miche imefika.

Imefika kwa kigari cha jirani. Jirani hakuwa na hata neno la kuringa, na hilo ndilo limeniuma zaidi. Mke wangu alikwenda kumwomba alfajiri, akakubali kabla hajamaliza salamu. Akasema miche ni ya mlimani, haina ugomvi na mtu. Shemeji ameendesha. Mke wangu ameketi pembeni, miche imejaa nyuma, wamepita mbele yangu wakanipungia.

Mimi nilibaki na Nyumbu. Mtu lazima abaki.

Wamerudi jioni wakiimba. Katibu amefurahi sana, msimu wote ni wetu. Ila amesema kuanzia sasa atazungumza na mama mwenye kitalu na kaka yake, kwa kuwa yule bwana mwingine alimpigia simu Jumatano akakataa kumtajia njia ya kupitia, eti ni siri ya ulinzi.

Nimemuuliza shemeji kigari cha jirani amekiacha wapi. Amekiacha barabarani. Ufunguo? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama ana pua. Ndani.

Nimetoka kukitazama. Kipo. Watu wanakipita. Wengine wanakiegemea.

Jumapili, 10 Machi

Nimekaa nikatafakari kwa utulivu, bila hasira, ingawa shemeji alikuwa anapiga mluzi.

Ukweli ni huu. Nyumbu yupo. Amesimama bandani, hana usukani, hana betri, hana plagi, na hakuna mwizi aliyemgusa. Mpango ulifanya kazi kikamilifu. Kosa lilikuwa moja tu: nilivikusanya vile vitu vyote mahali pamoja. Vingebaki kwa wenyewe, vingekuwepo mpaka leo.

Tena hatimaye ninajua mwizi anapenda nini. Anapenda matoroli.

Kwa kuwa Nyumbu hatembei, maji ya miche yanahitaji toroli, nami nimenunua jipya. Sikuliacha likiwa zima hata kwa dakika. Mikono yake nimempelekea dada. Ametazama dari, ametabasamu. Skrubu ziko kwenye kopo la vifungo; bisibisi ya kuzifungulia ninayo mimi, shingoni, pamoja na ufunguo wa Nyumbu. Gurudumu nimempelekea mama mkwe. Amelipokea kwa mikono miwili, amelizungusha, akaniuliza kwa upole redio inachomekwa wapi.

Mke wangu amelikuta karai la toroli limelala uani peke yake. Ameuliza maji yatafikaje kwenye miche.

Nimemjibu kwamba hilo si swali la ulinzi.