Vioo Vyangu na Msaragambo wa Suji

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Nimeshtuka. Kioo cha upande wa dereva kimeanguka ndani ya mlango. Hakikushuka. Kimeanguka, kwa kishindo, nikiwa nimesimama mbele ya stendi ya Same na watu wananitazama. Nikabonyeza swichi. Mota ikaguna kidogo, kisha kimya. Upepo wa mji huu ukaingia na vumbi lake lote, ukapeperusha fotokopi za mirathi nilizokuwa nampelekea mteja wa duka langu la fotokopi. Nimekimbiza karatasi za marehemu hadi barabara kuu, nikiwa na tai shingoni.

Jioni kioo cha abiria nacho kimegoma. Hicho angalau kimegoma kikiwa juu. Kina adabu.

Na huu ndio wakati wa kunifanyia hivi? Alhamisi napanda Suji kuzungumza na Mzee Aminieli, baba yake Honorata. Honorata ni nesi wa zahanati ya kule. Nikimkosa huyu sijui nitampata wapi mwingine anayenicheka bila kunidharau. Mzee amesema atatoa neno lake siku hiyohiyo. Na kuna mwenzangu aliyepeleka maneno pia: Zephania, yule wa pikapu ya kubebea tangawizi. Pikapu yenyewe kioo cha nyuma ni kipande cha turubai. Mimi nina gari dogo, saluni yenye vioo vya giza. Ya zamani, ndiyo. Kiyoyozi kilikufa miaka mingi, ndiyo. Lakini nikifunga vioo vyote nani atajua? Hiyo ndiyo silaha yangu, na leo imeanguka ndani ya mlango.

Jumanne, 16 Septemba

Nimekwenda kwa Mbaraka, fundi umeme wa magari. Anajisifu kwamba akisikia mlango ukifungwa anajua ugonjwa wa gari zima. Akafungua, akachungulia, akatangaza kwa sauti ili wateja wengine wasikie kwamba mota zote mbili za mbele zimeungua, na kilichoziua ni vumbi pamoja na kidole changu. Ataagiza Moshi. Zitafika wiki ijayo.

Wiki ijayo! Nikamweleza habari ya Alhamisi. Akaniambia niende vioo vikiwa wazi kama binadamu wengine. Alisema hivyo huku anakunywa chai niliyomnunulia mimi.

Lakini kichwa changu hakilali. Milango ya nyuma ina mota mbili nzima kabisa, na nyuma hakai mtu. Kwa nini mota ziajiriwe mahali pasipo na kazi? Nitazihamishia mbele. Mbaraka akanionya kwamba ya kulia na ya kushoto si kitu kimoja. Nimemuelewa sana. Anataka kuuza.

Honorata amepiga simu. Ameniambia Alhamisi ni siku ya msaragambo, kijiji kizima kinatengeneza barabara kabla ya mvua za vuli. Akanishauri nifike mapema, nguo za kazi, jembe mkononi, nichimbe na wenzangu, halafu jioni nizungumze na baba yake. Nimemkubalia.

Bila shaka sitafanya hivyo. Mimi nimezaliwa Usangi, msaragambo naujua tangu tumboni. Ukishika jembe hakuna anayekukumbuka, wote mnafanana kwa matope. Nitafika saa nane, kazi imekwisha, Mzee amechoka na ameketi. Mimi nashuka garini, suti, harufu nzuri, beberu wa posa mkononi. Zephania atakuwa ananuka jasho. Hapo atachaguliwa nani?

Jumatano, 17 Septemba

Nimefanya kazi mwenyewe kutoka asubuhi. Video ya kufunga mota nilitazama nusu, nusu iliyobaki niliielewa bila kutazama. Nimebandua milango minne. Mota zilikataa kidogo kuingia, nikazibembeleza kwa nyundo. Zimebaki skrubu za kujaza kikombe cha chai, ambayo ni dalili kwamba waliotengeneza gari walizidisha.

Nikajaribu. Nimeshtuka tena. Nikibonyeza juu, kioo kinashuka. Nikibonyeza chini, kinapanda. Vyote viwili! Inaonekana ya kushoto nimeiweka kulia, na ya kulia kushoto.

Mtu wa kawaida angefungua upya. Mimi nimeamua kurekebisha kichwa badala ya mlango. Nimekaa garini mchana kutwa nikijifundisha: juu ni chini, chini ni juu. Nimefaulu. Usiku nimempigia Honorata kumsimulia, maana si kila mwanamume anaweza kujifundisha kitu kama hicho kwa siku moja. Alicheka mpaka akaomba radhi kwa wagonjwa.

Vioo vya nyuma, kwa kuwa sasa havina kitu cha kuvishikilia, nimevikazia kabari za mbao. Beberu nimeshampata, mweupe, mwenye ndevu za heshima. Ametandikiwa gunia kwenye kiti cha nyuma ili azoee. Kila kitu kiko tayari.

Alhamisi, 18 Septemba

Naandika bado nimevaa suti, na vumbi lake.

Safari ilianza vizuri. Suti ya bluu. Beberu nyuma, kamba yake nimeifunga kwenye mkanda wa kiti. Vioo vyote juu. Nimepita lami yote hadi Makanya watu wakiniangalia na mimi nikitabasamu, jasho likijaa ndani ya viatu. Nilipoanza kupanda mlima, harufu ya beberu ilikuwa ndiyo inayoendesha gari. Nikabonyeza juu, taratibu. Vioo vikashuka kiasi cha kiganja. Nilijipongeza kwa sauti.

Kisha kona ya mwisho kabla ya kijiji. Saa nane na dakika. Nikawaona.

Hawajamaliza! Barabara nzima watu, sururu, majembe, makarai. Walikuwa wamechelewa kuanza kwa sababu ya kusubiri mawe. Na mawe yaliletwa na pikapu ya Zephania. Mwenyewe yuko juu yake, kifua wazi, anashusha. Akina mama wanampa maji.

Nilifikiri haraka. Nifunge vioo, nipite polepole, watadhani ni mkubwa fulani kutoka wilayani. Nikabonyeza juu.

Vioo vikashuka.

Nikashtuka, nikabonyeza kwa nguvu zaidi. Vikashuka zaidi. Nikaendelea kubonyeza mpaka vikaisha, na pale dirishani, karibu kabisa na uso wangu, ameegemea jembe lake Mzee Aminieli. Hata shikamoo haikutoka. Aliyesalimia ni beberu.

Hapohapo gurudumu likaingia kwenye shimo ambalo walikuwa hawajalifikia. Kabari ikaruka. Kioo cha nyuma kikazama mlangoni. Beberu, ambaye kumbe njia nzima alikuwa anautafuna ule mkanda, akatoka dirishani na kamba yake, akaenda moja kwa moja kwa Zephania. Zephania akamshika pembe kama waliowahi kulelewa pamoja.

Nikatoa shikamoo. Mzee akaitikia marahaba, akaniuliza kwa upole kama niliwaona watu barabarani. Nikasema niliwaona. Akaniuliza kama nilikuwa nataka kuwafungia vioo. Na hapa, lazima niseme, akili yangu ilifanya kazi kuliko siku zote. Nikamjibu kwamba vioo vyenyewe ni shahidi. Vimefungwa au vimefunguka? Nilivifungua ili niwasalimie.

Watu wakatazamana. Mzee akafikiri. Miaka mingi alikuwa mzee wa baraza, haki ni haki, na ushahidi ulikuwa mbele yake. Uso ukalegea. Akaweka kiwiko dirishani, akasema basi karibu, funga gari vumbi lisiingie, uje tushirikiane.

Nilikuwa nimeokoka. Furaha ikanizidi. Nikabonyeza chini, kioo kikapanda, na kikaondoka na mkono wa koti la Mzee.

Nikataka kukishusha. Binadamu akitaka kushusha hubonyeza wapi? Chini. Nikabonyeza chini. Kikabana zaidi. Mzee akawa amesimama kwa vidole vya miguu. Zephania akaja akavuta, koti likachanika hadi kwapani.

Mzee akaliangalia koti. Akauliza swichi hizi zinafanyaje kazi. Nikageukia upande wa pili. Ndipo nikamwona Honorata, amesimama na karai la kokoto kichwani. Baba yake akamuuliza kama anajua. Honorata hajui kudanganya, hiyo ni kasoro yake ya pekee. Akasema juu ni chini, chini ni juu, jana usiku nilimweleza mwenyewe.

Mzee alilizungusha jambo kichwani polepole, kisha akanieleza mimi mwenyewe, kama ananisaidia, kwamba kumbe nilipowaona nilibonyeza juu kama mtu anayefunga. Akaomba mkono wangu. Nilidhani ananipa wa kuniaga. Akaugeuza, akakitazama kiganja, akawaonyesha waliokuwa karibu, akasema ni laini kama andazi.

Faini ya anayepita msaragambo bila kushika kazi ni mbuzi. Mbuzi alikuwepo. Nikaomba basi nipewe jembe. Mzee akakataa. Mimi ni mgeni, akasema, na mgeni huketishwa. Kikaletwa kiti, kikawekwa ukingoni mwa barabara. Nimekaa pale na suti yangu mpaka jua linazama, kijiji kizima kikichimba mbele ya miguu yangu, kisha nikaletewa makande na kipande cha beberu wangu mwenyewe. Cha shingo. Sijawahi kuona aibu kama hii maishani.

Ijumaa, 19 Septemba

Sijafungua duka. Nimepiga hesabu ya kwenda mahakama ya mwanzo. Beberu alikuwa wa posa, si wa faini. Nani alibadilisha matumizi yake? Hoja ninayo. Nimeanza kuandika madai, kisha nikakumbuka kwamba shahidi wangu wa kwanza ni Honorata.

Amepiga simu jioni. Nimeipokea kabla haijaita mara ya pili. Ameniambia amemkataa Zephania yeye mwenyewe, kwa heshima, mbele ya wazee. Ni mtu mwema lakini hajawahi kumchekesha hata siku moja. Anayemtaka ni mimi. Ila hawezi kuolewa na mtu anayemfungia baba yake kioo, na baba yake hawezi kutoa neno kwa mkono ule alioushika.

Msaragambo unamalizika Alhamisi ijayo. Nipande kwa miguu kutoka Makanya, nibebe jembe, nichimbe na wenzangu siku moja tu. Siku moja. Baba yake atanitazama nikichimba, kisha atatoa neno. Hakuna kingine kinachotakiwa.

Nimelia kidogo. Nimemwahidi. Mimi sasa ni mtu mpya kabisa.

Jumatano, 24 Septemba

Mota za Moshi zimefika. Mbaraka amezifunga, na vioo sasa vinafuata sheria: juu ni juu, chini ni chini. Bahati mbaya kichwa changu kimeshazoea ile nyingine. Leo nimejibana tai mara tatu.

Kesho ndiyo siku. Nimelitafakari shauri la kwenda kwa miguu. Ule mlima si mchezo, na mtu akifika amechoka atachimba nini? Nitakwenda na gari hadi kabla ya ile kona, nitalificha kwenye migomba na vioo vya giza vikiwa juu, kisha nitatembea hatua za mwisho nikihema. Kuhema nimefanyia mazoezi.

Lakini kubwa ni viganja. Mzee atavigeuza tena, hilo nalijua, na jembe haliwezi kukomaza mkono kwa asubuhi moja. Kwa hiyo nimenunua msasa, ule wa kusugulia milango, nikavisugua vyote viwili tangu mchana. Vimetoka vizuri mno. Vyekundu, vimechubuka, kimoja kina lengelenge kubwa la kuonyesha. Mzee akiviona ataomba radhi kwa habari ya andazi.

Kuna kasoro moja ndogo. Jioni hii nimejaribu kulishika jembe, nikapiga yowe mpaka jirani akaja na panga. Usukani nitaushika kwa leso, na swichi za vioo nitabonyeza kwa kiwiko. Kuchimba ndiko sitaweza.