Kamati Ndogo ya Shukrani na Shali Ishirini na Nne

Kwa mamlaka niliyopewa na Waraka Namba Tisa wa Kamati Ndogo ya Shukrani, natangaza rasmi kwamba manesi wa chumba cha dripu katika hospitali yetu ya saratani wameshukuriwa. Wameshukuriwa kwa kufuata taratibu zote, kwa muda wa miezi minne, mpaka wageni rasmi wakaanza kupata mafua.

Kazi hii haikuwa rahisi. Sisi watu wa Kerala, kusini mwa India, neno asante hatulitumii nyumbani. Ukimwambia mama yako asante kwa sahani ya wali, ataweka mwiko chini akuulize unahamia wapi. Asante ni neno la jukwaani. Linahitaji kipaza sauti, taa ya shaba yenye tambi saba, na mgeni rasmi aliyechelewa. Ndiyo maana serikali ikaona busara iundwe Kamati, na mimi nikateuliwa Katibu wake.

Mwenyekiti alikuwa Bwana Purushothama Kurup, Mkurugenzi wa Utawala wa hospitali. Bwana Kurup huvaa koti la sufu, jambo ambalo katika joto letu haliwezekani bila msaada wa serikali. Msaada huo ni kiyoyozi kimoja kikubwa kinachopuliza ofisi yake na chumba cha dripu kwa pamoja. Nyuzi kumi na saba, mwaka wa sita sasa.

Siku ya kwanza tu, Sista Annamkutty, mkuu wa manesi wa chumba hicho, akaleta usumbufu.

"Katibu, wagonjwa wangu wanaganda," alisema. "Mtu anakaa hapa saa nne dawa inaingia tone kwa tone. Mkono ukipoa, mshipa unajificha. Jana Mzee Kunjappan nimemchoma mara nne."

"Mara tano," alisema Mzee Kunjappan kutoka kwenye kiti chake. "Ile ya kwanza ulikuwa unapiga hodi."

Mzee huyu alichanja miti ya mpira kukinga utomvu kwa miaka arobaini kabla saratani haijamstaafisha.

"Ila na mimi nilikuwa na mti wangu mmoja pale shambani," aliendelea, "naukosea kila asubuhi. Juzi nimeuomba radhi kimoyomoyo."

"Nataka mablanketi ishirini na manne," alisema Sista. "Viti ishirini na vinne, mablanketi ishirini na manne. Basi."

Nilimfungulia Mwongozo wa vifaa vya hospitali. Mwongozo uko wazi: blanketi ni kifaa cha kitanda. Chumba cha dripu kina viti na hakina kitanda hata kimoja. Mtu aliyekaa, kwa maana ya Mwongozo, hasikii baridi.

"Basi punguzeni kiyoyozi."

Nilifikisha ombi hilo kwa Mwenyekiti. Alinitazama kwa huzuni. "Katibu, nikitoka jasho nitatia sahihi vipi?" Hakuna aliyewahi kumwona akitia sahihi, lakini hoja ilikuwa nzito na tukaiandika.

Kamati haikuwa na moyo wa jiwe, hata hivyo. Tuliwapelekea manesi dodoso, wachague wenyewe namna ya kushukuriwa: (a) shali ya heshima, (b) ngao ya ukumbusho, (c) hotuba, (d) yote yaliyotajwa. Sista Annamkutty alipiga mstari juu ya yote akaandika pembeni: *mablanketi*. Kura yake ikahesabiwa kuwa imeharibika.

Sherehe ya kwanza ilifana. Taa iliwashwa, kila utambi na kiongozi wake, na wawili wakagombania wa saba. Bango lilikuwa la ghorofa mbili. Uso wa Mwenyekiti ulienea juu yake kama mwezi, na picha za manesi saba zilipangwa chini, kila moja sawa na stempu ya barua. Kisha kila nesi akavikwa shali. Kwa kawaida shali ya heshima ni kitambaa chepesi, lakini Kamati ilichagua za sufu nzito kutoka milima ya kaskazini, zenye tarizi ya dhahabu, kwa kuwa hupendeza pichani.

Kesho yake nilipita chumba cha dripu. Mzee Kunjappan alikuwa amejifunika shali mpaka kidevuni, dhahabu inametameta, dripu inaning'inia kama mwavuli wa mfalme.

"Karibu barazani, Katibu," alisema. "Leo tunasikiliza kesi za mipaka."

"Mara moja tu," alisema Sista Annamkutty akiinua kidole kimoja. "Nimempata mara moja. Mkono umepata moto, mshipa umetoka wenyewe kunisalimu."

Nilihesabu. Viti saba vilikuwa na shali. Kumi na saba vilikuwa na watu waliojikunyata.

Mchana huohuo Sista alibisha hodi ofisini kwangu.

"Bwana Katibu, tunasikitika," alisema. "Tumeshukuriwa kidogo mno."

Kalamu ilinianguka. Katika maisha yangu yote ya utumishi sikuwahi kusikia mtu akidai hotuba.

"Chama cha wenye mashamba ya mpira hakijatushukuru," alisema akihesabu kwa vidole. "Wenye mabasi nao kimya. Chama tawala kimetushukuru, sawa, lakini chama pinzani kimenyamaza. Mtu atadhani wanapenda saratani."

Neno hilo lilifika mjini kabla yake. Chama pinzani kilikuja Jumanne na shali tano. Chama tawala, kikiona kimezidiwa, kikarudi Alhamisi na sita. Wenye mabasi walileta tatu, moja ya akiba kwa Sista, na mpiga tarumbeta. Manesi walisimama, walitabasamu, walivikwa, walipigwa picha, na nusu saa baadaye kila shali ilikuwa juu ya magoti ya mtu. Wenye mashamba ya mpira walikuja wa mwisho. Idadi ikatimia ishirini na nne, na mwanamke mmoja kwenye kiti cha dirishani, mwalimu wa hesabu, akasema hii ni mara ya kwanza anamaliza dripu bila kukariri majedwali ili asilie.

Hapo Mwenyekiti akagundua. Alikuwa anapita kwenda chooni, akaona sufu ya serikali juu ya watu wasio na cheo chochote. Jioni ile alitoa Waraka Namba Kumi: *Shukrani Haihamishiki.* Shali itavaliwa tu na mtu aliyetenda tendo, tendo lenyewe liwe limeandikwa katika kumbukumbu za Kamati. Na mtu wa namna hiyo akipatikana, lazima ashukuriwe papo hapo, kwa taratibu zote, bila kuvua shali mpaka hotuba ya mwisho iishe. Zilizovaliwa kinyume zingerudishwa hadharani, mbele ya mbunge wetu, Mheshimiwa Vasanthakumari, ndani ya chumba chenyewe cha dripu.

"Mtawavua wakiwa na sindano mkononi?" aliuliza Sista.

"Kwa heshima zote," nilimjibu.

Siku ilipofika, Mwenyekiti aliamuru kiyoyozi kishushwe hadi kumi na sita, wageni wasing'ae jasho pichani. Madirisha yakafungwa. Yeye akasimama na koti lake, akahutubu saa moja na robo juu ya mchango wake katika shukrani. Mheshimiwa alikuwa na sari nyepesi ya pamba na ndala. Dakika ya ishirini alikunja vidole vya miguu. Dakika ya hamsini alikaa juu ya mikono yake. Zamu yake ilipofika, meno yaligongana kwenye kipaza sauti, na wajumbe wakapiga makofi wakidhani anasoma takwimu.

"Binti," Mzee Kunjappan alimwita, akiinua upindo wa shali. "Njoo huku ndani. Acha aibu."

Mheshimiwa alikwenda. Alikaa kwenye mkono wa kiti, akajivuta chini ya dhahabu, akafumba macho.

"Asante, baba," alisema. Hakuwa na kipaza sauti, wala taa haikuwa imewashwa. Sikujua niliandike wapi.

"Mheshimiwa," alisema Mwenyekiti, "hiyo shali ndiyo mojawapo ya zinazorudishwa. Huyu hajafanya chochote. Ni mgonjwa tu."

"Amekaa kwenye baridi hii mara ngapi?"

"Kumi na moja," alisema Sista. "Saa nne kila mara. Na hapo bado sindano."

"Mimi nimeshindwa saa moja," alisema Mheshimiwa. "Katibu, andika tendo. Waandike wote ishirini na wanne. Na hii baridi inatoka kwa nani?"

Wajumbe wote waligeuka kumtazama Mwenyekiti. Kwa mara ya kwanza Kamati ilikuwa na kauli moja.

"Zimeni!" aliamuru Mheshimiwa.

"Fomu," alisema fundi wa kiyoyozi kwa adabu. "Inataka sahihi ya Mkurugenzi."

Kalamu ikatafutwa. Bwana Kurup, kamera tatu zikimtazama, akatia sahihi. Kiyoyozi kikakohoa, kikanyamaza. Kukiwasha tena kungehitaji azimio la Kamati, na akidi yetu hupatikana mara mbili kwa mwaka.

Nilisimama, kwa kuwa wajibu ni wajibu. Nikaeleza kwamba Mwenyekiti ametenda tendo na limeandikwa. Kwa Waraka wake mwenyewe, lazima ashukuriwe papo hapo.

Alifurahi. Alinyoosha koti. Sista Annamkutty akavua shali yake mwenyewe, ile ambayo wenye mabasi walimletea ya akiba, akamfunga vizuri shingoni, mara mbili. Taa ikawashwa, tambi zote saba, karibu yake kabisa. Joto la mji mzima, lililokuwa limesubiri nje miaka sita, likaanza kuingia kupitia kuta.

Kwenye utambi wa nne tone la kwanza la jasho lilishuka puani kwa Mwenyekiti. Kwenye wa saba koti lilikuwa limebadilika rangi.

"Sasa hotuba ya mwisho," alisema akipumua kwa taabu. "Fupi."

"Kwa niaba ya walionufaika," nilitangaza, nikampelekea Mzee Kunjappan kipaza sauti.

Sista alitazama chupa ya dripu. "Una saa mbili na nusu, mzee."

Mzee Kunjappan alisafisha koo, akajikalisha vizuri.

"Mimi," alisema, "nilizaliwa mwaka wa mafuriko."