Wajina Wangu ni Chura

Jumatatu, 7 Aprili
Leo Mungu amenikumbuka! Tulikuwa tunafungua mbao pale karakana, Industrial Area, mzigo wa kutoka Asia, chura akaruka. Si chura wa mtaro huyu. Amepanda ukuta mpaka kwenye taa! Nimemtia kwenye ndoo, nikaja naye nyumbani, Tassia. Mke wangu, Mama Nduta, amesema chura akilala ndani, yeye atalala nje.

Hajui ninachojua. Nimesikia mnyama asiyejulikana akipatikana, anaweza kupewa jina la aliyemleta. Mimi sina mtoto wa jina langu. Mvulana wa kwanza wa binti yangu Nduta, kwa mila yetu, alipewa jina la baba mkwe wake, Kimani. Mimba ya sasa, picha ya hospitali imesema ni msichana. Baada ya huyo Nduta anafunga uzazi. Nikifa nani ataitwa Wanyoike? Inaniuma, wacha niseme wazi.

Jumatano, 9 Aprili
Nimempeleka kwa Daktari Lydiah, mtafiti wa vyura. Amepima miguu, amekagua vidole, amechukua mate yake kwa pamba. Amefurahi! Lakini umbo peke yake hudanganya, amesema. Vyura wanaweza kufanana na wasiwe ndugu. Anataka vinasaba, tena anataka kujua wanavyozaa: mayai mtoni, dimbwini, au kwenye tundu la mti? Ameuliza nilimpata wapi. Nimesema juu ya mti, Tassia. Ameuliza mti upi. Nimesema ulikatwa.

Jumamosi, 12 Aprili
Nikimwonyesha mayai, kwisha maneno! Nimechukua karai la kufulia, gogo lenye tundu, maji ya mvua. Nimeleta bibi harusi kutoka mtaroni. Mnene, mzuri kabisa. Bwana harusi amepanda pazia, amekataa kushuka. Nikapanda stuli nimwimbie mwenyewe, kichura. Jirani yetu Lorraine amechungulia, ameuliza kama ni pumu.

Jumapili, 13 Aprili
Kimani alikuja kwa chai, pamoja na Nduta na mvulana wake. Wajina njoo hapa, wajina kaa hapa! Uvumilivu ukaniishia. Nimetangaza kwamba jina Wanyoike limepata mwenyewe, chura wangu, dunia nzima italiandika, sihitaji mjukuu. Nduta aliweka mkono juu ya tumbo. Nikajifanya sikuona.

Alhamisi, 24 Aprili
Nduta amejifungua. Mvulana! Picha ilikosea! Na mvulana wa pili hupewa jina la baba wa mama. Wangu! Nimekimbia hospitali na viatu visivyofanana. Kimani alikuwa ametangulia. Amewaambia wote kwamba mjukuu wake hawezi kuwa wajina wa chura, ataitwa jina la ndugu wa Kimani mwenyewe. Maneno yalikuwa yangu. Nimelia jikoni. Mama Nduta hakunicheka, na hapo ndipo nililia zaidi.

Ijumaa, 25 Aprili
Lydiah amepiga simu. Umbo na vinasaba vinasema mamoja: chura wa mitini wa Asia, ana ukoo wake, ana jina tangu zamani. Aliyemweleza kwanza ndiye aliyempa, na halibadilishwi. Kisha ameuliza kwa upole kama mti wangu ulikuwa na misumari. Aibu!

Jioni Nduta naye amepiga. Cheti cha mtoto bado hakijaandikwa. Amesema niende kwao Jumapili, niseme tu mbele ya Kimani kwamba namtaka mtoto. Nimemwambia hata ninyeshewe, nitafika.

Jumapili, 27 Aprili
Nimevaa suti. Mama Nduta ametangulia. Nikifunga mlango nikaona, kwenye tangi la maji, konokono asiye na ganda, mistari ya manjano mgongoni. Maisha yangu yote sijaona kitu kama hicho! Na huyu hakika ni wa hapa hapa Tassia. Nimempigia Nduta simu, nikamwambia mtoto aitwe tu vile Kimani anataka. Jina langu nimeshaliahidi mahali.