Aliye Nyuma ya Kinyago cha Shaba

Jumatatu, 4 Agosti

Nimedharauliwa leo mbele za watu. Tena na kinyozi.

Chanzo ni sizini ya Kinyago cha Shaba, sinema ya mfululizo ambayo Masumbwe nzima inaitazama kwenye banda la video la Mama Blessing. Jamaa amejifunika uso kwa shaba, anazuia treni kwa kifua, anaokoa wanyonge, halafu anatoweka. Swali ni moja tu: ni nani? Mimi nilishajibu tangu sehemu ya nne. Ni Mzee Posta, yule mgawa barua. Ushahidi ninao. Katika sehemu hiyo Kinyago alikaa juu ya paa, akatazama mbali, akasema amekumbuka michembe ya kwao. Michembe! Katika mji ule wa maghorofa matupu, nani mwingine amekulia shambani akala viazi vilivyokaushwa? Posta peke yake.

Nasibu kinyozi akasimama akasema Kinyago ni yule mama muuza mikate. Mwanamke! Azuie treni! Watu badala ya kumcheka yeye wakanicheka mimi.

Sehemu ya mwisho ni Jumamosi. Mama Blessing ametangaza kwamba kabla haijaanza, mchambuzi mmoja atapewa kipaza sauti awaeleze watu, na kipaza hicho kitakuwa chake sizini ijayo yote. Mmoja, kati yangu na Nasibu. Tutashindana Ijumaa, siku ya Nane Nane, kwa mtindo wa Wagika na Wagalu, yale makundi mawili ya ngoma za Kisukuma: wote wawili uwanjani kwa wakati mmoja, huyu huku na yule kule, na atakayevuta watu wengi ndiye mshindi. Miaka mitatu nimechambua kwa koo tupu. Kipaza ni haki yangu.

Jumanne, 5 Agosti

Wacheza ngoma wa zamani hawakuingia uwanjani mikono mitupu. Walileta nyoka, walileta nungunungu. Nyoka namwogopa. Nimetengeneza kinyago. Nimechukua sufuria hadi kwenye karasha, ninakofanya kazi ya kusaga mawe ya dhahabu, nikaitoboa macho, nikaipaka rangi ya shaba. Imependeza kuliko ya kwenye sinema.

Jioni mke wangu, Mama Esta, akauliza sufuria yake ya ugali iko wapi. Nikamwambia humu ndani hakuna sufuria. Si uongo. Sasa ni kinyago.

Jumatano, 6 Agosti

Fitina! Nasibu amepata flashi yenye sehemu ya nne isiyotafsiriwa, na anamwonyesha kila anayekwenda kunyolewa. Eti Kinyago pale juu ya paa hakusema neno. Niliingia nikatazame mwenyewe, ikabidi ninyolewe. Kweli hasemi kitu. Nimetoka na upara na hasira.

Nikaenda moja kwa moja kwa Selestine, DJ wetu, anayetafsiri sinema kwa kipaza huku watu wakitazama. Hakuficha. Alisema siku ile alikuwa hajala tangu asubuhi, picha ikakaa kimya muda mrefu, akaona aijaze. Michembe aliyoikumbuka ilikuwa ya mama yake mwenyewe.

Nimefikiri njia nzima, jibu nimelipata. Wenye sinema walisahau kumwandikia maneno, Selestine akawasaidia. Ushahidi uko palepale.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimempelekea Selestine kuku. Si hongo. Ni kuku. Nikamweleza kwamba Jumamosi Kinyago akivuliwa, jina la kutaja ni Mzee Posta, asije akababaika. Akasema sehemu hiyo hata yeye hajaiona. Nikasema ndiyo maana namsaidia. Akamshika kuku miguu, akasema wabeja, yaani asante.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeshinda! Lakini nieleze vizuri, maana mtaani wanaeleza vibaya.

Nilivaa kinyago nikaanza kuchambua kwa nguvu zote. Sauti ikabaki ndani ya sufuria pamoja nami. Kupitia matundu niliwaona watu wakimiminikia kwa Nasibu. Kwangu walibaki wazee wawili na mbuzi.

Ndipo akatokea Mama Esta. Aliitambua sufuria yake kwa kiraka cha kisogoni. Akaivuta, haikutoka. Masikio yangu yalikuwa yamegoma. Akavuta tena, huku akiuliza, kwa sauti isiyohitaji kipaza, kama watoto wasongewe ugali kichwani mwangu. Uwanja mzima ukahamia kwetu. Hata Nasibu alikuja kutazama. Mama Blessing akahesabu vichwa, na kanuni ni kanuni.

Nilijua uchambuzi wangu utavuta watu. Masikio yanauma mpaka sasa.

Jumamosi, 9 Agosti



Nilipewa kipaza. Nilizungumza robo saa, nikataja michembe mara sita. Kisha sehemu ya mwisho ikaanza, Selestine akatafsiri vizuri kabisa, mpaka Kinyago akavuliwa. Ikatoka sura ya yule mama muuza mikate, na hereni zake.

Selestine ni mtu wa ahadi. Akatangaza kwamba huyo ndiye Mzee Posta. Bibi mmoja wa benchi la mbele akauliza Posta ametoga masikio lini. Selestine akasema amejibadilisha ili maadui wasimjue. Basi hapohapo kwenye picha mlango ukafunguliwa, akaingia Mzee Posta mwenyewe na mfuko wake wa barua, akamkumbatia mama mikate. Watu wakaanza kupiga miluzi.

Selestine alivumilia kidogo, halafu akanigeukia. "Kaka Mayala," akasema, "kuku nilishamla, siwezi kukurudishia. Lakini huyu ni mwanamke."

Alisema kwenye kipaza. Spika ya nje inasikika mpaka sokoni.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya ibada Mama Blessing aliniita, Nasibu akiwepo. Hakufoka, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema kipaza sasa ni cha Nasibu, ila Nasibu mwenyewe ameomba tugawane, Jumamosi moja yake na moja yangu. Sharti ni dogo. Jioni, kabla ya mpira, nisimame mbele ya watu niseme nilikosea.

Nakiri moyo ulilainika. Kinyozi kuniombea mimi! Nilikwenda kwenye karasha, nikalifanyia mazoezi neno lile mashine zikinguruma. Linatamkika.

Saa kumi na moja banda lilijaa. Nikashika kipaza. "Nilikosea," nikasema. Watu wakapiga makofi. Mama Esta, aliyekuja kushuhudia kwa macho yake, akapiga vigelegele. Nasibu alinipa mkono. Makofi yalikuwa matamu mno, nikaona si vizuri kuwaacha watu hivihivi bila maelezo.

"Nilikosea kudhani mnaweza kuelewa sinema," nikaendelea. "Yule mama alivalishwa kinyago tu. Mwenyewe ni Posta."

Mama Blessing alichomoa waya kwa mkono wake.

Haidhuru. Nimesikia Buseresere kuna banda ambako ndiyo kwanza wako sehemu ya tatu, hawajui lolote. Kesho naondoka na basi la asubuhi, nikawaambie ukweli mapema kabla hawajapotoshwa.